Tunapochagua mjumbe wa kutuwakilisha kwenye bodi, tumpime kwa vigezo gani?

Mwanachama wa Kawaida

Ndugu zangu, habari za kazi. Naleta kwenu jambo ambalo limenishughulisha tangu tulipopokea tangazo la mkutano mkuu, nami nitashukuru kupata mawazo ya watu waliowahi kukaa kwenye bodi au kufanya kazi karibu nayo.

Mimi ni mwanachama wa ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyakazi. Mkutano mkuu ujao utachagua mjumbe mmoja wa kujaza nafasi inayoachwa wazi, na kwa desturi yetu mjumbe wa nafasi hiyo ndiye anayetazamwa kuwa sauti ya wanachama wa kawaida, yaani sisi tusio na vyeo, ambao akiba yetu hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Wamejitokeza wagombea watatu. Wa kwanza ni msemaji hodari anayefahamika na kila mtu, na ameshaanza kuahidi kwamba akichaguliwa riba ya mikopo itashuka na gawio, yaani faida inayogawiwa wanachama, litapanda. Wa pili ni mtu wa hesabu, mpole, asiyejitokeza sana kwenye mikusanyiko. Wengi wanamheshimu lakini wachache wanamjua. Wa tatu aliwahi kuwa mjumbe wa bodi na sasa anaomba kurudi. Anasema uzoefu wake utatusaidia, ingawa sijampata mwanachama hata mmoja anayeweza kutaja kwa uhakika jambo alilolisimamia alipokuwa humo.

Kinachonisumbua ni kwamba mazungumzo yetu yote yanahusu mwenendo wa watu hawa nje ya bodi. Fulani hakosekani kwenye misiba, fulani hasalimii, fulani ni wa idara yetu kwa hiyo tumpe. Sidharau mambo hayo, kwa sababu mtu asiyejali wenzake leo hataanza kuwajali kesho kwa kuwa tu amepewa kiti. Hata hivyo naona tunamchagua mtu wa kusimamia fedha za watu wengi kwa vigezo vilevile tunavyovitumia kumchagua mshereheshaji wa hafla.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, ni sifa zipi hasa zinazomfanya mtu awe mjumbe mzuri wa bodi, na tunawezaje kuzitambua ndani ya dakika chache ambazo wagombea hupewa kujieleza? La pili, mwakilishi wetu akishaingia, je, apige kura kama tulivyomtuma, au kama atakavyoona mwenyewe baada ya kusoma taarifa ambazo sisi hatuzioni?

Katibu Mstaafu

Ndugu, umeuliza mapema, na hilo lenyewe ni jambo jema, kwa kuwa wengi huanza kuuliza baada ya kura kuhesabiwa. Nimeandika mihtasari ya vikao vya bodi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nafasi ya katibu ina faida moja: unawaona wajumbe wote kwa muda mrefu bila wewe mwenyewe kuwa na kura ya kutetea.

Nianze na kazi yenyewe, maana kigezo hutokana na kazi. Bodi haiendeshi ofisi. Kazi yake ni kumwajiri meneja na kumpima, kupitisha sera na bajeti, kuhakikisha fedha za wanachama zinalindwa, na kutoa hesabu mbele ya mkutano mkuu. Mjumbe mmoja mmoja hana mamlaka yoyote nje ya kikao. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa kwa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, na kuamua. Kwa hiyo mgombea anayesema "nitashusha riba" anazungumzia jambo asiloweza kulifanya peke yake. Zaidi ya hapo, katika ushirika wa akiba na mikopo gawio hutokana kwa sehemu kubwa na riba inayolipwa na wakopaji. Anayeahidi kushusha riba na kupandisha gawio kwa wakati mmoja anapaswa kuonyesha pengo litazibwa na nini: kupunguza gharama za uendeshaji, kukusanya madeni yaliyolala, au kuongeza idadi ya mikopo inayorejeshwa vizuri. Kama ana jibu, msikilizeni kwa makini, kwa sababu yawezekana ameliwaza. Kama hana, basi ahadi ile ni ya kuombea kura tu.

Sasa niseme nilichokiona kikiwatofautisha wajumbe. Siku kadhaa kabla ya kikao, kila mjumbe hupelekewa makabrasha: ajenda, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya meneja, taarifa ya fedha na orodha ya mikopo. Wapo wanaofika wakiwa wameyasoma na wapo wanaoyafungua mbele ya mwenyekiti. Tofauti hiyo haifichiki. Asiyesoma huzungumza sana kuhusu posho, chai na tarehe ya kikao kijacho, kwa sababu hayo ndiyo mambo yasiyohitaji kusoma. Likija jambo la mamilioni hupita kwa "tumekubaliana, mwenyekiti".

Nawapa mfano mmoja wa karibu. Katika orodha ya mikopo huwa kuna ukurasa unaoonyesha marejesho yaliyochelewa, umegawanywa kwa safu: waliochelewa siku 30, siku 60, siku 90 na kuendelea. Safu ya mwisho ndiyo inayotisha, kwa kuwa mikopo iliyomo hulazimu ushirika kutenga fedha za kufidia hasara. Mjumbe mmoja niliyemheshimu sana, ambaye kwa kazi yake hakuwa mhasibu wala mwanasheria, alikuwa na mazoea ya kuja na kabrasha la mwezi uliotangulia na kuliweka kando ya lile jipya. Siku moja akauliza swali fupi: "Huyu mkopaji mwezi uliopita alikuwa safu ya siku 90, mwezi huu yuko safu ya kwanza. Amelipa kiasi gani?" Jibu likawa kwamba hakulipa kitu, mkopo wake ulikuwa umepangwa upya na kuanza kuhesabiwa kama mpya. Kupanga upya mkopo si kosa lenyewe, kwani kuna mkopaji aliyepatwa na shida ya kweli anayehitaji kupumua. Lakini ikiwa inafanyika kila mwezi kwa majina yaleyale, ukurasa mzima unaonyesha afya ambayo haipo, na gawio linapigiwa hesabu juu ya riba iliyoandikwa kwenye vitabu bila kupokelewa. Swali lile lilifungua mjadala ambao hakuna aliyeutarajia. Wataalamu watatu waliokuwamo chumbani walikuwa wameupita ukurasa huohuo.

Kwa hiyo ukiniuliza sifa, nitakwambia namtafuta mtu anayesoma, anayeuliza, na asiyeona haya kuuliza tena pale jibu lisipojibu. Uaminifu wa fedha nauchukulia kuwa sharti la kuingilia. Asiyekuwa nao hapaswi hata kujadiliwa.

Namna ya kumtambua ni hii. Iombeni kamati ya uchaguzi iwape wagombea wote nakala ya hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, wiki moja kabla, na siku ya kujieleza kila mmoja aulizwe swali lilelile: "Katika hesabu hizi, ni jambo gani lingekufanya uombe maelezo kwa meneja, na kwa nini?" Hakuna jibu moja sahihi. Mmoja ataona kwamba akiba na mikopo vimeongezeka ilhali fedha taslimu zimepungua, na atataka kujua kama mwanachama akija kuchukua akiba yake atalipwa kwa wakati. Mwingine ataona gharama za utawala zimepanda kuliko mapato. Mwingine atasoma maoni ya mkaguzi na kuuliza kama mapendekezo ya mwaka juzi yalitekelezwa. Atakayesema hesabu ni nzuri na anaipongeza menejimenti, mtakuwa mmejua hakuzisoma au hawezi kuzisoma.

Kisha chunguzeni dhamana ndogo alizowahi kushika. Aliyekuwa mweka hazina wa mfuko wa kusaidiana, je, alikabidhi daftari na risiti alipoondoka, au alitafutwa? Alitoa taarifa bila kuombwa? Mtu aliyetunza vizuri fedha kidogo bila kusimamiwa amekupa ushahidi ambao hotuba haiwezi kukupa.

Sauti ya Wengi

Namshukuru Katibu Mstaafu kwa mfano wake wa ukurasa wa marejesho, lakini naomba kutofautiana naye mahali fulani, kwa sababu nimeona hoja ya "anayesoma hesabu" ikitumiwa kuwaengua wanachama wa chini na hatimaye bodi nzima ikabaki mikononi mwa wenye elimu na vyeo ambao hawajawahi kusubiri mkopo ili kulipa ada ya mtoto.

Ushirika haukuanzishwa na wataalamu. Wale waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, wengi wao walikuwa wafumaji na mafundi wa kawaida, na jambo waliloliachia ulimwengu ni utaratibu wa kila mwanachama kuwa na kura moja bila kujali ana hisa ngapi. Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulipopitisha tamko lake la misingi mwaka 1995, ulirudia kwamba waliochaguliwa kuwakilisha wanawajibika kwa wanachama. Kuwajibika huko hakuna maana ikiwa mwakilishi anaweza kuingia na kupiga kura kinyume cha waliomtuma, halafu akatuambia kwamba tusingeelewa hata kama angetueleza.

Mjadala huu una umri mrefu. Mwaka 1774, wapiga kura wa mji wa Bristol, Uingereza, waliwachagua wabunge wawili. Mmoja, Henry Cruger, alikubali kwamba wapiga kura wana haki ya kumpa maelekezo. Mwenzake, Edmund Burke, aliwaambia waziwazi kwamba anachodaiwa nao ni bidii pamoja na uamuzi wake mwenyewe, na kwamba akiutoa uamuzi huo kafara kwa ajili ya maoni yao atakuwa anawasaliti badala ya kuwatumikia. Hotuba ya Burke ndiyo inayosifiwa hadi leo. Watu husahau kwamba ulipofika uchaguzi wa mwaka 1780 Bristol haikumtaka tena, akajiondoa kwenye kinyang'anyiro. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema waliomtuma nao walikuwa na akili, na walijua biashara yao.

Nitoe mfano wa mambo ambayo hayaonekani kwenye kabrasha. Tuseme bodi inapendekeza idadi ya wadhamini wa mkopo ipande kutoka wawili hadi wanne. Kwenye karatasi ni uamuzi wa busara: dhamana inaongezeka na hatari inapungua. Lakini mjumbe anayetoka miongoni mwa wafanyakazi wa mikataba ya muda anajua kwamba katika kundi lake kupata wadhamini wawili tayari ni kazi kubwa, kwa sababu hakuna anayetaka kumdhamini mtu ambaye mkataba wake unaweza kuisha kabla ya mkopo. Kwao sharti la wadhamini wanne maana yake ni kwamba wanaendelea kukatwa akiba ili wengine wakope. Hakuna safu kwenye taarifa ya fedha inayoonyesha mtu ambaye hakuomba mkopo kwa kukata tamaa. Jambo hilo atalisema mtu wa kundi hilo tu, au mtu aliyekaa nalo akalisikiliza.

Ndiyo maana hata sheria za nchi mbalimbali zimeona haja ya kuwaweka wahusika wenyewe ndani ya chumba. Uingereza, baada ya kifo cha mmiliki wa magazeti Robert Maxwell mwaka 1991, iligundulika kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kutoka mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa kampuni zake. Sheria ya pensheni ya mwaka 1995 ikafungua njia ya wanachama wa mifuko kupendekeza angalau theluthi moja ya wadhamini wa mifuko hiyo, yaani wale wanaoisimamia kwa niaba ya wanachama. Ujerumani nayo, kwa sheria ya mwaka 1976, iliwapa wafanyakazi wa kampuni zenye waajiriwa zaidi ya 2,000 nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi. Nchi hizo hazikukosa wataalamu. Ziliona kwamba utaalamu peke yake haumlindi mwenye akiba.

Kwa hiyo, ndugu muuliza swali, mimi ningempima mgombea kwa kumuuliza hivi: mara ya mwisho alikusanya maoni ya wenzake kuhusu jambo gani, aliyafikisha wapi, na alirudi kuwaambia nini? Asiye na jibu ni mtu anayejiwakilisha mwenyewe.

Mkaguzi

Nimekagua hesabu za taasisi zenye bodi za kila aina, na nakubaliana na kila mmoja wenu kwa sehemu. Lakini swali la pili la Mwanachama wa Kawaida linahitaji jibu lililo wazi zaidi, kwa sababu likiachwa hewani litamponza huyo mjumbe mtakayemchagua.

Mjumbe wa bodi, hata awe amechaguliwa na kundi gani, wajibu wake wa kwanza ni kwa taasisi nzima. Hao wajumbe wa wafanyakazi wa Ujerumani waliotajwa wana haki na wajibu sawa na wajumbe wa upande wa wanahisa. Hawaingii wakiwa na barua ya maelekezo. Sababu yake si dharau kwa waliowachagua. Uamuzi wa bodi hufanywa kwa taarifa zinazoletwa kikaoni, na nyingine ni za siri kwa haki kabisa: jina la mkopaji, mazungumzo ya ununuzi wa jengo, tuhuma dhidi ya mtumishi ambazo hazijathibitishwa. Ukimfunga mtu kwa kura aliyopewa kabla ya kuzisikia, umempeleka kusikiliza mambo ambayo hana ruhusa ya kuyatumia. Na zikipotea fedha, atakayeulizwa, na pengine kushtakiwa, ni yeye aliyepiga kura.

Lakini Sauti ya Wengi ana haki kwenye jambo moja kubwa: wadhamini wanne. Ule ni ushahidi, na ushahidi ni lazima ufike mezani. Mwakilishi anapaswa kuubeba kwa nguvu zote, kuhakikisha umeandikwa kwenye muhtasari, kisha kuamua kwa dhamiri yake, na kurudi kueleza sababu kwa kadiri siri za kikao zinavyoruhusu. Anayebeba maoni bila kuyapima hana tofauti na tarishi, na asiyerudi kueleza amewaacha waliomchagua gizani.

Kuhusu utaalamu na uwakilishi, historia inatoa funzo kwa pande zote mbili. Mwaka 2013, Co-operative Bank ya Uingereza, benki iliyokuwa mali ya ushirika mkubwa wenye mamilioni ya wanachama, iligundulika kuwa na upungufu wa mtaji wa pauni bilioni 1.5. Aliyekuwa mwenyekiti wake, ambaye alipanda kupitia ngazi za uchaguzi za ushirika, aliulizwa na kamati ya bunge mwezi Novemba mwaka huo thamani ya rasilimali za benki akajibu pauni bilioni 3. Ilikuwa bilioni 47. Mapitio ya utawala yaliyofanywa na Paul Myners mwaka uliofuata yalisema bila kuficha kwamba mfumo wa uchaguzi ulikuwa ukiwapandisha watu bila kuangalia kama wana uwezo wa kusimamia biashara ya ukubwa ule. Wanachama walikubali muundo mpya: bodi ndogo zaidi yenye wajumbe wengi walio huru, pamoja na baraza la wanachama 100 la kuiwajibisha. Hebu fikirini namna watu wema, wengi wao wakiwa na moyo wa kweli wa ushirika, walivyopoteza udhibiti wa benki yao wenyewe kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia mameneja wao kwamba namba hazilingani.

Upande wa pili kuna Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliyofilisika Desemba 2001. Mwenyekiti wa kamati yake ya ukaguzi alikuwa profesa wa uhasibu aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Stanford. Huwezi kumpata mtu mwenye sifa za karatasi zaidi ya huyo. Na bado, mwaka 1999, bodi hiyo iliruhusu kanuni za maadili za kampuni ziwekwe kando ili ofisa mkuu wa fedha aendeshe ubia wake binafsi uliofanya biashara na kampuni ileile aliyoitumikia. Mgongano wa maslahi haukufichwa kwao. Uliletwa mezani ukiwa umeandikwa, wakaupitisha.

Kwa hiyo mhasibu mpole wa ndugu yetu asipewe kura kwa sababu tu ni mhasibu, na msemaji hodari asinyimwe kwa sababu tu si mhasibu. Kusoma mizania, yaani jedwali la mali na madeni, mtu mwenye nia hujifunza ndani ya miezi michache akipata wa kumfundisha. Ujasiri wa kusema "mwenyekiti, sikubaliani, naomba iandikwe hivyo" ndio sijauona ukifundishwa kwenye semina yoyote. Nimesoma mihtasari ya miaka mingi ya taasisi ambazo baadaye zilianguka, na jambo linalonishtua kila mara ni utulivu wake. Ukurasa baada ya ukurasa, wajumbe walipokea, wajumbe walipongeza, wajumbe waliridhia. Hakuna hata swali lililoandikwa.

Mwanachama wa Kawaida

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimepeleka pendekezo la kuwapa wagombea hesabu zilizokaguliwa, na kamati ya uchaguzi imelipokea vizuri. Naomba mnisaidie mambo mawili yaliyojitokeza. Kwanza, huyu mjumbe wa zamani anayeomba kurudi tunawezaje kumpima kwa haki, wakati vikao vya bodi havikuwa vya wazi? Pili, kuna maneno yanayosambaa kwamba mgombea wa kwanza ana mkopo uliochelewa. Wapo wanaosema hilo ni jambo lake binafsi.

Katibu Mstaafu

Nianze na la pili, kwa kuwa maneno ya chinichini yanaweza kumdhulumu mtu. Msilijadili kwa uvumi. Someni masharti ya ushirika wenu, maana vyama vingi vina kifungu kinachomzuia mwenye mkopo uliochelewa kugombea, na kama kipo kwenu kamati haina hiari ya kukitumia au kutokitumia. Kila mgombea ajaze fomu ya kutamka mikopo yake, mikopo aliyoidhamini, na biashara yoyote anayofanya na ushirika, kamati ipate uthibitisho wa maandishi kutoka ofisini, basi. Likithibitika, halibaki kuwa jambo binafsi. Mjumbe mwenye deni lililochelewa atakaa mbele ya ule ukurasa nilioueleza, jina lake likiwamo, akitakiwa kumbana meneja ambaye siku hiyohiyo anamwonea huruma kwa kutomdai. Hata awe mwadilifu kiasi gani, mmemweka mahali pagumu, na meneja naye mmempa silaha. Na ikithibitika kwamba hana deni, kamati itangaze hivyo waziwazi mbele ya mkutano, kwa kuwa heshima yake nayo ni ya kulindwa.

Kuhusu mjumbe wa zamani, mihtasari yenyewe huenda msiruhusiwe kuisoma, lakini kuna mambo mnayoweza kuyaomba bila kuvunja siri yoyote. Mahudhurio ni ya kwanza: alialikwa kwenye vikao vingapi na alihudhuria vingapi, na alikuwa kwenye kamati zipi. Halafu chukueni taarifa za bodi kwa mikutano mikuu ya kipindi chake na mziweke pamoja na mapendekezo ya mkaguzi wa miaka hiyo. Kama pendekezo moja limerudiwa mwaka baada ya mwaka, muulizeni yeye alifanya nini kuhusu hilo. Asiseme "bodi ilifanya", aseme yeye. Anaweza kuwa na jibu zuri ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kulitoa, nami nimewaona wajumbe wa namna hiyo, waliopigana sana ndani na kunyamaza nje kwa sababu ya kiapo cha siri. Mpeni nafasi hiyo kabla ya kumhukumu.

Ndugu Sauti ya Wengi, lile la kurudi kueleza nakubali nililipita haraka. Napendekeza mkutano mkuu upitishe azimio kabla ya kupiga kura, ili lisionekane limemlenga mshindi, kwamba mjumbe huyu atakutana na wanachama wa kawaida kila robo mwaka, atapokea hoja zao kwa maandishi, na atajibu kwa maandishi ni zipi zilifikishwa na zikaamuliwaje. Likiingia kwenye muhtasari wa mkutano mkuu linakuwa deni kwa yeyote atakayeshinda.

Na kuhusu yule mtu wa hesabu asiyezungumza sana, mwulizeni kama aliwahi kumwambia mkubwa wake kazini kwamba hesabu fulani haikubaliki, na nini kilifuata. Mwacheni achukue muda wake kujibu, maana watu wa namna hiyo hawajibu haraka. Akieleza tukio lenyewe, ni hesabu gani, alimwendea nani na alijibiwa vipi, mimi kura yangu ningempa yeye, hata kama hotuba yake ndiyo fupi kuliko zote.